Uhuru wa kujieleza na hofu ya itikadi kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka upya kila baada ya shambulio, kila sheria mpya ya usalama inapopelekwa bungeni, na kila mtu anapokamatwa kwa alichoandika kwenye simu yake. Majibu yanategemea sheria za kimataifa na hukumu za mahakama mbalimbali. Sheria ya nchi unakoishi inaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo ukiwa na kesi mkononi mtafute wakili. Msimamo wetu hatuufichi: maneno yapimwe kwa hatari yanayoileta, wala isitoshe kwamba yanatuchukiza.

## Misingi

1. Uhuru wa kujieleza unalinda nini hasa?

Unalinda mambo matatu kwa pamoja: kuwa na maoni, kuyatoa, na kutafuta na kupokea habari na maoni ya wengine. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 19 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 ukaligeuza tamko hilo kuwa wajibu kwa nchi zilizouridhia. Wengi husahau hilo la tatu. Gazeti likifungiwa, anayenyang'anywa haki ni mhariri na kila msomaji wake.

Ulinzi huo unafika hata kwenye maneno machungu. Katika kesi ya Handyside ya 1976, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema uhuru huu unahusu pia maoni yanayoudhi, yanayoshtua au yanayoitia dola wasiwasi.

2. Je, uhuru huo una mipaka?

Unayo, ila tuanze na sehemu isiyo na mpaka kabisa: maoni yaliyomo kichwani mwako. Mkataba wa 1966 hauruhusu mtu kuadhibiwa kwa kile anachokiamini tu. Mipaka huanza pale maoni yanapotoka nje.

Hapo dola inayotaka kukuzuia lazima ivuke vizingiti vitatu. Kwanza, katazo liwe ndani ya sheria iliyoandikwa kwa uwazi, kiasi kwamba mtu wa kawaida ajue kabla ya kusema kama atakuwa amekosa. Pili, liwe na lengo linalokubalika: kulinda haki na heshima za watu wengine, usalama wa taifa, utulivu wa umma, afya au maadili ya jamii. Tatu, liwe la lazima na lilingane na hatari yenyewe. Kama onyo linatosha, kifungo hakina uhalali.

Serikali nyingi hupita kizingiti cha pili kwa urahisi, kwa sababu neno "usalama" linabeba kila kitu. Huanguka kwenye cha kwanza na cha tatu. Ukisikia sheria mpya inatetewa, uliza juu ya hivyo viwili.

3. "Itikadi kali" maana yake nini kisheria?

Hakuna tafsiri moja iliyokubaliwa duniani. Umoja wa Mataifa ulipotoa mpango wake wa kuzuia itikadi kali zenye vurugu, mwishoni mwa 2015, uliacha kila nchi ijitungie tafsiri. Miaka minne kabla ya hapo Kamati ya Haki za Binadamu ya umoja huo ilikuwa imeonya, katika maelezo yake namba 34 ya 2011, kwamba makosa kama "shughuli za itikadi kali" na "kusifu ugaidi" yafafanuliwe waziwazi, la sivyo yatageuka kuwa nyenzo ya kubana watu kupita kiasi.

Ndiyo maana kwenye ukurasa huu tunatenganisha itikadi kali, yaani fikra zilizo mbali sana na za walio wengi, na itikadi kali yenye vurugu, yaani fikra hizo zinapoandamana na kutumia, kuandaa au kuchochea nguvu dhidi ya watu. Sheria nyingi mbovu zimetungwa kwa kuvichanganya hivi viwili.

4. Kwa hiyo kuwa na itikadi kali si kosa?

Kwa viwango vya kimataifa, si kosa. Waliopinga biashara ya utumwa na waliodai wanawake wapige kura walionekana watu wa itikadi kali katika zama zao.

## Mpaka kati ya ukali na uchochezi

5. Kuna tofauti gani kati ya kauli ya kuudhi, kauli ya chuki na uchochezi?

Kauli ya kuudhi inakuumiza moyo. Kauli ya chuki inalishambulia kundi la watu kwa sababu ya asili yao, dini yao, rangi yao au hali nyingine ya namna hiyo. Uchochezi unawasukuma wasikilizaji wachukue hatua dhidi ya kundi hilo. Kifungu cha 20 cha Mkataba wa 1966 kinazitaka nchi zipige marufuku utetezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini *unaofikia* uchochezi wa ubaguzi, uadui au vurugu. Hilo sharti la kufikia uchochezi lina uzito mkubwa, na wanaokinukuu kifungu hicho bungeni hulirukaruka.

Mahakama ya Juu ya India iliichora ngazi hii vizuri mwaka 2015. Ilikuwa inaangalia kifungu cha 66A cha sheria ya teknolojia ya habari, kilichomfunga mtu kwa ujumbe "unaoudhi mno". Majaji walisema kuna kujadili, kuna kutetea hoja, na kuna kuchochea. Viwili vya mwanzo ndiyo roho ya uhuru wa kujieleza hata vikiwa havipendezi, na dola huingia kwenye hatua ya tatu. Kifungu kikafutwa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini nayo, katika kesi ya Qwelane ya 2021, iliondoa neno "kuumiza" kwenye sheria ya kauli za chuki kwa kuwa halieleweki linaanzia wapi, huku ikibakiza katazo la kauli zinazodhuru na kuchochea madhara. Kuumia ni jambo la kweli, sikatai, lakini ni kipimo ambacho kila mtu anacho cha kwake.

6. Basi uchochezi unapimwa vipi?

Chombo bora kilichopo ni Mpango wa Rabat, uliopitishwa na wataalamu nchini Morocco mwezi Oktoba 2012 chini ya Umoja wa Mataifa. Unataka mambo sita yaangaliwe kwa pamoja: mazingira ya wakati huo, nafasi ya msemaji mbele ya wasikilizaji wake, nia yake, maudhui na namna alivyoyasema, kauli ilivyoenea, na uwezekano wa madhara kutokea, pamoja na ukaribu wake.

Chukua sentensi moja, "hawa watu waondoke kwetu". Ikitamkwa na mlevi kwenye kituo cha basi, ni ufidhuli. Ikitamkwa na mwanasiasa mwenye wafuasi waliobeba marungu, mbele ya nyumba za hao watu, wiki ambayo nyumba mbili zimeshachomwa, ni jambo jingine kabisa. Kipimo kinachoyaangalia maneno peke yake kitawapa wote wawili adhabu moja, au kitawaachia wote wawili.

7. Mbona Marekani inaruhusu mambo ambayo Ulaya inayafunga?

Kwa sababu ya historia. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brandenburg ya 1969 iliyomhusu kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi, iliamua kwamba hata kutetea matumizi ya nguvu hakuadhibiwi mpaka maneno yalenge kuzusha uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yaelekee kuuzusha kweli. Ulaya ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa imeona jinsi propaganda ilivyoandaa njia ya mauaji, kwa hiyo inaingilia mapema zaidi. Canada iko katikati: Mahakama yake ya Juu iliidhinisha sheria ya kauli za chuki katika kesi ya Keegstra, 1990, na miaka miwili baadaye ikaifuta sheria ya habari za uongo.

Ukiniuliza ipi imekaa sawa, nitasema kipimo cha Marekani kinamwacha mtu wa kundi dogo peke yake kwa muda mrefu mno, na sheria kadhaa za Ulaya zinamkimbilia polisi upesi mno. Rabat inasimama mahali pazuri kuliko pote pawili.

8. Maneno kweli yanaweza kuua, au tunatishana?

Yanaweza. Asiyekubali hilo hawezi kuutetea uhuru wa kujieleza kwa uaminifu.

Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa. Ilipiga muziki wa vijana na kutania na wasikilizaji, na katikati ya burudani hiyo ikawaita Watutsi mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, ilianza kutaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na wauaji wakafuata maelekezo hayo.

Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ilipoamuliwa mwaka 2007, majaji walitenganisha vipindi viwili. Matangazo ya kuanzia Januari hadi tarehe 6 Aprili, walisema, yalichochea chuki ya kikabila, lakini haikuthibitishwa kwamba yalichochea mauaji ya kimbari moja kwa moja. Ya baada ya tarehe hiyo yalifanya hivyo. Kifungo cha maisha cha Nahimana kikashuka hadi miaka 30.

Hukumu hiyo iliwachoma wengi waliopoteza ndugu, na ninauelewa uchungu wao. Hata hivyo naiona kuwa hukumu nzito na ya haki, kwa sababu ilikataa kuliita kila tamko la chuki uchochezi wa kuua, hata mbele ya mauaji makubwa kiasi kile. Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Wanazi, ilifanya jambo linalofanana mwaka 1946: Julius Streicher, mchapishaji aliyedai kwa miaka mingi Wayahudi waangamizwe, alinyongwa, lakini Hans Fritzsche, sauti mashuhuri ya redio ya Wanazi, aliachiwa kwa kuwa haikuthibitika kwamba alilenga kuwachochea watu wafanye ukatili.

9. Kumsifu gaidi baada ya shambulio ni kosa?

Katika nchi nyingi ndiyo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1624 la 2005, lilizitaka nchi zikataze kuchochea vitendo vya ugaidi. Kusifu ni neno pana kuliko kuchochea, na hapo ndipo shida ilipo: kijana anayebandika picha ya mshambuliaji kwa ujinga hutiwa kapu moja na anayeandaa wafuasi kwa shambulio linalofuata. Mambo sita ya swali la 6 yanafaa kutumika hapa hapa.

## Serikali na mamlaka yake

10. Kama nia ya serikali ni njema, tunaogopa nini kuipa mamlaka ya kufunga midomo ya wenye itikadi kali?

Tunaogopa serikali inayokuja baada yake, na mara nyingine hiyo hiyo ikishabanwa na uchaguzi.

Tazama Urusi. Sheria yake ya kupambana na itikadi kali ilipitishwa 2002, ikapanuliwa katika miaka iliyofuata. Tume ya Venice, chombo cha ushauri wa kikatiba cha Baraza la Ulaya, iliichambua mwaka 2012 ikaona tafsiri zake ni pana mno, kwa kuwa baadhi ya vifungu havikuhitaji vurugu wala kuchochea vurugu. Aprili 2017 Mahakama ya Juu ya Urusi iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova kama kikundi cha itikadi kali. Hao ni watu wanaokataa hata kuingia jeshini. Wapo waliofungwa gerezani kwa kukutana kusali na kusoma Biblia.

Au tazama majina yalivyogeuka. Nelson Mandela, aliyekwisha kuwa rais na mshindi wa tuzo ya Nobel, pamoja na chama chake cha ANC, waliendelea kubanwa na orodha ya ugaidi ya Marekani mpaka sheria maalumu ilipowaondoa mwaka 2008. Anayeshika kalamu ya kuandika majina ndiye anayeamua nani ni mkali, na kalamu hiyo hubadilisha mikono.

11. Tukingoja mpaka hatari iwe karibu, si tutakuwa tumechelewa?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na wanaoitoa mara nyingi ni watu waliokwishafiwa. Inastahili jibu kamili.

Kosa la uchochezi halingoji damu. Mchochezi anaweza kushtakiwa hata kama hakuna aliyemtii, mradi alikusudia na uwezekano wa madhara ulikuwepo. Kisha kuna makosa yasiyohitaji sheria yoyote ya maneno: kula njama, kutoa vitisho kwa mtu, kufadhili mashambulizi, kutoa mafunzo ya silaha, kuandikisha wapiganaji. Mpelelezi mwenye ushahidi wa hayo hana haja ya kumshtaki mtu kwa kauli. Nikiona mashtaka ya "itikadi kali" peke yake, bila njama wala fedha wala silaha, hujiuliza upelelezi ulikuwa umefika wapi.

Halafu tuseme ukweli kuhusu Rwanda, kwa kuwa ndiyo mfano unaotolewa daima. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliionya RTLM kabla ya mauaji kuanza. Redio ilikuwa na walinzi wenye nguvu kuliko waziri, ikaendelea, na yeye mwenyewe akauawa katika siku za mwanzo. Kilichopungua pale ni dola iliyokuwa tayari kuwazuia wakubwa wake. Sheria kali zaidi ya maneno ingekuwa mikononi mwa watu wale wale.

Mapema, kabla ya polisi, kuna kazi nyingi ya kufanya: kiongozi wa dini kumkana mhubiri wa chuki hadharani, chama kumvua uanachama mgombea wake, redio kukata kipindi, majirani wa pande mbili kuwa na namba za simu za kuulizana uvumi kabla haujawa moto. Kazi hizi hazina utukufu wala haziingii kwenye takwimu za waliokamatwa, na pengine ndiyo sababu hazipewi bajeti.

12. Kukaza kamba hakupunguzi itikadi kali?

Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti uliowahoji watu waliowahi kujiunga na makundi ya silaha barani Afrika. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Makundi haya hulihubiri hilo hilo: kwamba njia ya amani imefungwa. Kila mkosoaji wa amani anayetiwa ndani huwapa mahubiri mapya.

13. Vipi habari za uongo? Si zinazaa vurugu pia?

Nyingine huzaa, na zile zinazochochea hushughulikiwa kama uchochezi. Kuufanya uongo wenyewe kuwa jinai ni hatari, kwa kuwa lazima mtu mmoja apewe kazi ya kutangaza ukweli, na mtu huyo huwa serikali. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikifuta kifungu cha habari za uongo mwezi Februari 2004, katika kesi ya wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ikieleza kwamba kauli haipotezi ulinzi wa katiba kwa sababu tu inadhaniwa kuwa si ya kweli.

14. Serikali inaruhusiwa kuzima intaneti ili kuzuia uchochezi?

Kuzima nchi nzima hakuvuki kizingiti cha tatu cha swali la 2: kunamnyamazisha mchochezi mmoja pamoja na mamilioni, wakiwemo wanaokanusha uvumi na wanaoita gari la wagonjwa. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua Juni 2020 kwamba Togo ilivunja haki kwa kuzima intaneti wakati wa maandamano ya 2017; haikuwepo sheria iliyoiruhusu.

## Mitandao ya kijamii

15. Kampuni ya mtandao ikifuta chapisho langu, imevunja haki yangu?

Kwa kawaida haki ya kujieleza unaidai kwa dola. Kampuni ina kanuni zake, nawe ulizikubali ulipofungua akaunti. Ila kampuni chache zikishakuwa ndiyo uwanja ambamo mamilioni huzungumza, kusema "ni mali yao" hakutoshi. Kiwango cha chini tunachokidai ni kuambiwa sababu, kuonyeshwa kanuni iliyovunjwa, na kupewa nafasi ya kukata rufaa mbele ya binadamu. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya 2022, inazilazimisha kampuni zitoe sababu na zipokee malalamiko.

Jambo hubadilika ikiwa serikali ndiyo iliyoiagiza kampuni ifute. Hapo vizingiti vya swali la 2 vinarudi vyote.

16. Kwa nini wengine wanapinga kufuta maudhui ya kigaidi ndani ya saa moja?

Anayetaka haraka ana sababu. Tarehe 15 Machi 2019, Christchurch, New Zealand, mshambuliaji aliua watu 51 misikitini huku akirusha mauaji hayo mubashara. Facebook ilisema iliondoa au kuzuia nakala milioni 1.5 za video hiyo katika saa 24 za kwanza. Familia za waliouawa hazikustahili kuiona ikizunguka, na sijawahi kusikia hoja ya maana ya kutaka iachwe.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2022 inaipa kampuni saa moja baada ya kupokea amri ya mamlaka, na imeondoa ndani yake maudhui ya elimu, uandishi wa habari, sanaa na utafiti. Ufaransa ilijaribu kwenda mbali zaidi, na Baraza lake la Katiba likaivunja sehemu kubwa ya sheria hiyo Juni 2020. Kampuni inayotishwa kwa faini kubwa na muda mfupi hufuta kwanza, na anayefutiwa bila kosa hana wa kumlipa.

Gharama imeshaonekana. Mwaka 2017 mashine za YouTube zilifuta video nyingi zilizopigwa na raia wa Syria kuonyesha mashambulizi dhidi yao. Mwaka huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa kijeshi wa Libya, ikitegemea kwa kiasi kikubwa video zilizosambazwa mitandaoni. Video ya aina hiyo hiyo ni propaganda kwa mmoja na ushahidi kwa mwingine. Inapoondolewa hadharani, sheria ilazimishe nakala itunzwe kwa ajili ya wapelelezi.

17. Kwa nini chuki iliyoandikwa kwa lugha ndogo hubaki mtandaoni, na lawama dhidi yake hufutwa?

Kwa sababu mashine na wakaguzi wa kampuni wamejengwa kwa lugha chache kubwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2018 jinsi Facebook ilivyotumika kueneza chuki dhidi ya Warohingya nchini Myanmar, na kampuni yenyewe ikakiri baadaye mwaka huo kwamba haikufanya ya kutosha. Mashine isiyoijua lugha hushindwa kutambua tusi lililofichwa ndani ya methali, kisha ikamfungia anayelinukuu tusi hilo kwa kulilaani. Wakaguzi wanaozungumza lugha husika wana faida kubwa kuliko sheria kumi mpya.

18. Chapisho langu limefutwa kimakosa. Nifanye nini?

Piga picha ya skrini ya taarifa ya kufutwa, kata rufaa ndani ya programu yenyewe siku hiyo hiyo, na ueleze muktadha kwa ufupi: ulikuwa unaripoti, unalaani au unafundisha. Kama unahisi serikali ndiyo iliyoagiza, iulize kampuni kwa maandishi.

## Mazingira magumu

19. Mwandishi wa habari anaruhusiwa kumhoji mtu wa itikadi kali?

Anaruhusiwa. Mwandishi wa televisheni nchini Denmark alipigwa faini kwa kurusha mahojiano na vijana wabaguzi. Mwaka 1994, katika kesi ya Jersild, Mahakama ya Ulaya ilisema faini hiyo ilivunja haki yake, kwa kuwa lengo la kipindi lilikuwa kuujulisha umma. Wajibu wa kitaaluma unabaki: asimpe mhojiwa kipaza sauti bila kumbana.

20. Nikisambaza video ya chuki ili kuilaani, nami nina hatia?

Nia inakusaidia, lakini video inaendelea kufanya kazi yake. Simulia kilichomo, au tumia picha moja iliyofichwa nyuso. Katika nchi nyingine kumiliki au kusambaza maudhui fulani ni kosa hata ukiwa na nia njema. New Zealand ilipiga marufuku video na waraka wa mshambuliaji wa Christchurch kwa mtindo huo.

21. Mhubiri akisoma andiko lenye maneno makali, ni uchochezi?

Kusoma andiko ni ibada. Anapoanza kusema aya hii inamhusu jirani yenu fulani na leo ndiyo siku yake, ameacha kusoma. Sheria za kukufuru ni suala jingine: Kamati iliyotajwa kwenye swali la 3 inasema kukataza watu wasiivunjie dini heshima hakupatani na Mkataba, ila pale kauli inapofikia uchochezi wa kifungu cha 20. Kinacholindwa ni muumini.

22. Na utani?

Mwaka 2010 mwanamume mmoja Uingereza, aliyekereka kwa uwanja wa ndege kufungwa, aliandika mtandaoni kwamba ataulipua. Alitiwa hatiani, na ikamchukua mpaka 2012 Mahakama Kuu kuona kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angelichukulia kuwa tishio. Alishinda, baada ya miaka miwili ya maisha yake. Polisi wangemuuliza tu.

23. Kukana mauaji ya kimbari kuwe jinai?

Nchi kadhaa zimefanya hivyo, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa na Rwanda. Kwangu hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ukanaji mara nyingi ni chuki iliyovaa joho la utafiti, na manusura wanaishi wakiusikia. Papo hapo sheria hizo zimewahi kupanuliwa mpaka zikawagusa wanaohoji idadi, majina na wajibu wa watawala. Ninakubali adhabu pale ukanaji unapotumika kuchochea watu dhidi ya manusura. Ukanaji mtupu ningewaachia wanahistoria na mashahidi waujibu.

24. Nilichoandika kwenye kikundi cha faragha kinanihusu mimi tu?

Sivyo. Faragha hupunguza uzito wa "ilivyoenea" katika vipimo vya swali la 6, lakini kikundi cha watu 300 kinachopanga nani aanze kushambuliwa ni njama. Wala hilo halihalalishi kuvunja usimbaji, yaani kufuli la siri linalolinda ujumbe wa watu wote, ili kuwasaka wachache. Wapelelezi waombe kibali cha mahakama kwa mtu au simu maalumu.

25. Ndugu yangu ameanza kusikiliza wahubiri wa chuki. Nimripoti?

Tofautisha kwanza kati ya anachokiamini na anachokipanga. Akiwa bado anabishana nawe, usimkate. Muulize anachokiona kwa hao watu, msikilize bila kumdhihaki, na umtafute mtu anayemheshimu, hasa mwenye elimu ya dini au siasa hiyo hiyo anayoidai. Mara nyingi nyuma ya itikadi kuna jeraha: kufukuzwa, kupigwa, kudhalilishwa. Hilo linahitaji kushughulikiwa hata kama hoja zake hazina mashiko.

Dalili zinapogeuka, hesabu nayo inageuka. Akianza kuaga watu, kugawa mali zake, kutafuta silaha au vifaa vya milipuko, kutaja mahali na tarehe, au kuandaa safari ya siri kwenda vitani, maisha ya watu yanatangulia, nawe toa taarifa mara moja. Ukihofia atateswa akikamatwa, mpeleke wakili au shirika la haki za binadamu pamoja nawe tangu siku ya kwanza, na uandike jina la ofisa aliyepokea taarifa, kituo na saa.